Mwalimu wa Kaka Kule Japani

Kazi yangu ni kulainisha. Kwenye mkataba imeandikwa mhudumu wa mapokezi, lakini asiyejua na ajue leo, pale hotelini nimeajiriwa kulainisha. Mgeni akishuka ngazi amefura kwa sababu maji ya bafuni ni ya baridi, mimi humwambia fundi yuko njiani, hata kama fundi mwenyewe yuko kwao amelala. Kiyoyozi kikinguruma, namwambia wengi husema mlio huo unawaletea usingizi. Miaka tisa nimesimama nyuma ya kaunta ile na sikumbuki mgeni aliyeondoka amenuna. Meneja hunisifia mbele ya wenzangu kwa hilo, na mimi nilikuwa najiona mjanja kweli.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadai kwamba nilimkomoa kaka yangu. Sikumkomoa. Nilifanya kazi yangu tu, ila niliifanya mahali isipotakiwa.

Jambo lenyewe lilianza na kampuni ya utalii ya Kijapani. Walitaka kutuletea makundi, wageni thelathini kila baada ya wiki mbili, wengi wao wastaafu. Masharti yao hayakuwa mengi, na mojawapo lilikuwa hili: siku ya nne ya safari, lazima wageni wale chakula cha kwao. Mwakilishi wao, mzee mwembamba aliyekuwa ameishi huku miaka kumi na moja na kuzungumza Kiswahili cha taratibu, alinieleza sababu bila kuona haya. Siku ya kwanza mgeni hupiga picha kila anachokula. Siku ya pili anakula. Siku ya tatu anachokonoachokonoa sahani. Siku ya nne anagombana na mkewe, na dawa yake ni bakuli la wali wa kwao na supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa.

Meneja akanigeukia. "Wewe unaijua mitaa yote. Mzungushe mzee, mtafute mikahawa mizuri ya Kijapani, halafu mniletee orodha."

Mji wetu una mikahawa sita inayojiita ya Kijapani. Mmoja kati ya hiyo sita ni wa mama yangu.

Mpishi wake ni kaka yangu mkubwa, ambaye mtaa mzima unamwita Mjapani. Pembeni ya mlango kuna kibao chenye maandishi mekundu: Mpishi wetu amesomea Japani miaka minne. Kaka hajawahi kufika Japani. Hata ndege hajawahi kupanda. Waliolijua hilo hapa duniani walikuwa watu wawili, yeye na mimi.

Ilikuwa hivi. Kaka alipata nafasi ya kwenda kusomea upishi, au tuseme alidhani ameipata. Tulimuaga kwa vishindo. Shangazi alilia, baba mdogo akatoa nasaha saa nzima, mama akamshonea suti. Akapanda basi kwenda mji wenye uwanja wa ndege, na huko akaambiwa karatasi zake zote ni za kughushi na aliyemtengenezea ameshatoweka. Mtu mwingine angerudi nyumbani, akalia, akanyamaza, yakaisha. Kaka aliiwaza ile suti, akaziwaza nasaha za baba mdogo, akashindwa. Akanipigia simu mimi.

"Nipe wiki moja tu nijipange," alisema. "Mama mwambie nimefika salama."

Nikamwambia mama kaka amefika salama.

Wiki ikawa miaka minne. Alipata kazi kwenye ghala la kugandishia samaki, kwanza akiwa mkata samaki, baadaye fundi wa mitambo ya baridi, na kazi ile aliipenda. Macho ya mama si mazuri, hawezi kusoma ujumbe wa simu, kwa hiyo msomaji nilikuwa mimi. Nilimsomea yaliyoandikwa na yasiyoandikwa. Nilimtungia theluji. Nilimtungia jirani mwenye mbwa mweupe. Siku moja tukiwa kwenye foleni ya hospitali, mama ana wasiwasi na majibu yake, nilimtungia mwalimu: mzee mfupi, ana kovu kidevuni, mkali kupindukia lakini anampenda kaka kama mwanawe wa kumzaa. Mama akampenda mzee yule kuliko ndugu zake mwenyewe. Kaka naye akipiga simu mchana ilimbidi apige miayo, maana huko aliko ni usiku, na mara ya kwanza mama alipomuuliza kama mwalimu hajambo, alijibu hajambo kabla sijapata nafasi ya kumweleza mwalimu huyo ni nani.

Kisha mama akaanguka, akavunjika nyonga, na ikabidi kaka arudi. Alikuta sebule yetu imekuwa mkahawa. Mama alishatoa makochi, ameingiza meza saba, na kibao kimeshaandikwa. "Elimu yako isikae bure," alimwambia. Kaka akafungua video kwenye simu akaanza kujifunza. Samaki anajua kumkata, hilo halina ubishi. Mengine alibahatisha. Watalii wa kawaida niliwaelekeza mwenyewe kutoka kaunta, wakaja, wakala, wakapiga picha na Mjapani wetu, wakaenda zao wameridhika. Miaka miwili ikapita hivyo, na mimi nikadhani mambo yamekaa sawa.

Siku meneja aliponipa ile kazi nilimpigia kaka kumweleza, naye akanifuata hotelini, akanivutia kwenye kichochoro cha mapipa ya taka. Akanipa simu. Kwenye picha kulikuwa na mtoto wa kike ana begi mgongoni, na paji la uso la mama yetu.

"Ana miaka mitano," alisema. "Mama yake anafungasha samaki pale ghalani."

Nikakumbuka safari zake za kila mwezi za kwenda kutafuta samaki wazuri. Kumbe.

"Shule zinafunguliwa wiki mbili zijazo," aliendelea. "Mama yake amechoka kunisubiri. Ameniambia nisipompeleka mtoto kwa bibi yake kabla ya siku hiyo, nisiwatafute tena. Na yule hatishii watu, akisema amesema."

"Basi mwambie mama."

"Nimejaribu mara nne. Nikitamka tu neno Japani, anamwita jirani aje asikilize."

Ningecheka, kama si ule uso wake.

"Mlete huyo mzee wa kampuni," akasema. "Ale chakula changu. Aseme mbele ya mama kwamba hiki si chakula cha kwao. Mlango ukishafunguka, mimi nitamalizia yaliyobaki. Peke yangu siwezi kuufungua, mdogo wangu. Maji yamenifika hapa." Akajigusa shingo. "Mwanangu atakua bila mimi kwa sababu ya uongo wa wiki moja."

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa moyo mmoja, na hilo nataka lijulikane.

Kesho yake tukaanza kuzunguka, mimi na mzee. Mkahawa wa kwanza ulikuwa na miavuli ya karatasi darini na muziki wa kupasua masikio. Wa pili tuliletewa menyu ya kurasa kumi na mbili, ukurasa mmoja wa Kijapani na kumi na moja ya piza. Wa tatu tulikuta seremala akipima makabati, mkahawa umeshageuka duka la simu. Wa nne ulikuwa juu ya paa la hoteli ya washindani wetu, na huko mzee alionja supu akafumba macho, akakaa hivyo mpaka nikadhani amepitiwa. Shida yake ni kwamba ulikuwa na viti kumi na vitano tu. Wa tano walimletea samaki ambaye mzee alimtazama kwa huzuni, akamfunika na jani la saladi, akaomba chai.

Nilimsoma mzee haraka, maana kusoma watu ndiyo kazi yangu nyingine. Alianza na wali kila mahali, wali mtupu, anaunusa kwanza. Aliingia jikoni kumwamkia mpishi kabla ya kuketi. Na hakusema kibaya hata mara moja. Chakula kikiwa cha ovyo alisema, "Kinashibisha," halafu akaandika ukweli kwenye kidaftari chake, kwa herufi nisizozijua, mistari miwili mitatu, na kukifunga kwa utepe wa mpira.

Uliobaki ni mmoja.

Tulitembea kwa miguu mchana wa siku ya pili. Tulipita kwa fundi viatu, tukapita duka la fremu za picha, na tulipofika kona ya fundi miwani nikamwona mama. Alikuwa amesimama nje na mkongojo wake, amevaa lile gauni analovaa kwenye harusi za watu. Nyuma yake walikuwa jirani wawili aliowaalika waje washuhudie. Mtu aliyevunjika nyonga hapaswi kusimama hivyo juani. Alishatuona, au aliona vivuli viwili akakisia ni sisi, na akaanza kunyoosha gauni kwa mkono mmoja.

Sikufikiri kitu. Nasema sikufikiri, ulimi ulikwenda wenyewe.

"Mzee, nakuomba kitu kimoja. Yule ni mama yangu, na mpishi ni kaka yangu. Chakula chenyewe hutakipenda. Nakuomba usimuaibishe mama mbele za watu."

Alisimama. "Orodha yangu lazima iwe ya kweli."

"Orodha iandike unavyotaka. Nakuomba maneno mazuri ya mdomo tu."

Alifikiri kidogo, akamtazama mama kule mbele. "Ya mdomo," alisema. "Sawa."

Ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi nilikuwa na ahadi ya kaka mkononi, na saa saba mchana nikawa nimeshaitupa kwenye kona ya fundi miwani. Nilipogundua nilichofanya, mzee alikuwa ameshatangulia hatua kumi, anamwinamia mama.

"Karibu sana, baba," mama alimwambia. "Nyumba hii ni yako. Watu wenu walinilelea mwanangu miaka minne, leo ni zamu yangu."

Kaka alileta trei mwenyewe. Alikuwa amenyoa, amevaa aproni safi, na machoni alikuwa na kitu ambacho sikukiona kwake tangu arudi. Alionekana kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake atoke nje. Akaweka bakuli la wali mbele ya mzee. Vijiti viwili vilikuwa vimechomekwa katikati ya wali, vimesimama wima. Ndivyo tunavyopamba siku zote, kaka aliona mahali, na mama huwaambia wageni kwamba wapishi wa kweli huweka hivyo.

Mkono wa mzee ulisimama hewani. Kisha akavichomoa vile vijiti kwa mikono miwili, polepole, akavilaza pembeni. Akanusa wali. Akala. Nilimwangalia koo lake likipanda na kushuka. Kaka alikuwa ananitazama mimi, na mimi nilikuwa natazama jagi la maji.

"Baba, usinifiche, mimi ni mtu mzima," mama alisema. "Chakula kikoje?"

"Kama nyumbani," mzee alijibu.

Jirani zetu wakapiga makofi. Kaka alitabasamu kama mtu aliyedhani hakusikia vizuri, akasogea karibu na meza.

"Mzee wangu, sema ukweli tu. Wali huu sivyo unavyopikwa kwenu. Umelainika mno."

"Bibi yangu aliupika hivi hivi," mzee alisema. "Alikuwa hana meno."

Watu wakacheka, mama akacheka kuliko wote. Kaka hakucheka. Mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo, na nilijua inafungua kamba za aproni, maana alishaniambia kwamba hataki kusema maneno yale akiwa ameivaa.

"Na mwalimu wake?" mama akauliza. Alikuwa ameegemea meza, amemkazia mzee macho yake mabovu. "Mzee mfupi, mwenye kovu hapa kidevuni. Mkali, lakini ana huruma. Huko kwenu ni kukubwa, najua, lakini labda. Unamfahamu?"

Mzee akanigeukia. Alinitazama kwa muda mfupi sana, kama mgeni anayeuliza njia ni kulia au kushoto. Ningeweza kutikisa kichwa. Ningeweza kusema, mama, mwache mzee ale. Nilitabasamu, lile tabasamu langu la kaunta.

"Namfahamu," mzee alisema. "Mtu mzuri sana. Mwaka jana tulikula pamoja. Bado anamkumbuka kijana wako. Alisema kijana yule alikuwa na mikono mizuri."

Mama akalia. Akamshika mzee mkono, akalia bila kujificha, na jirani wakalia naye. Mikono ya kaka ilirudi mbele, mitupu, aproni ikining'inia shingoni kwake.

Nilimsindikiza mzee mpaka kwa fundi viatu. Hapo ndipo aliponiambia. Vijiti vikisimamishwa kwenye wali, kwao ni chakula cha marehemu, huwekwa mbele ya jeneza. Miaka miwili tulikuwa tunawahudumia watalii chakula cha matanga, na wao wanatushukuru.

"Mwambie kaka yako avilaze," alisema. "Mama asijue."

"Na orodha?"

"Mkahawa wa kwenye paa. Watakula kwa zamu mbili." Akainama kidogo, akaongeza, "Nimesema zaidi ya ulivyoniomba. Mama yako aliuliza kwa moyo sana."

Nilimshukuru. Ningesema nini kingine, wakati alifanya kwa wema nilichoanza kukifanya mimi kwa woga?

Niliporudi, jirani walishaondoka. Mama alikuwa mezani anakunja vitambaa vya mikono, anaimba chini chini. Kaka alitoka jikoni, aproni ameiacha huko, akavuta kiti akaketi mbele yake. Nilisimama mlangoni. Niseme kwamba nilifurahi. Nilidhani pamoja na yote, sasa anasema, na mimi nitakuwa sijaharibu kitu.

"Mama," alisema, "sijawahi kufika Japani."

Mama aliendelea kukunja. "Umechoka. Siku nzima hii umesimama."

Kaka akamwambia yote. Hakuruka hata moja. Karatasi za kughushi, basi, ghala, mitambo ya baridi, yule mwanamke anayefungasha samaki, mtoto. Alizungumza kwa sauti ya chini na iliyotulia, kumbe alikuwa ameyakariri miaka mingi. Mwisho akaweka simu mbele ya mama, ile picha ya mtoto mwenye begi. Mama akaisogeza mpaka puani, akaigeuza huku na huku.

"Macho yangu yananionyesha kivuli tu," alisema. "Ana miaka mingapi?"

"Mitano, mama. Ameitimiza mwezi huu."

Mama akahesabu kwa vidole, midomo ikimchezacheza. Kisha akaiweka simu chini kwa uangalifu.

"Mwanangu, miezi ya mimba hiyo wewe ulikuwa kule. Ndiyo ile theluji iliyofunga milango, ukakaa ndani siku nne, jirani yako wa mbwa akakuletea supu. Nilifunga siku zile kwa ajili yako, siwezi kusahau. Huyo mwanamke anakubambikia mtoto."

"Hakukuwa na theluji, mama. Mdogo wangu alitunga."

Wote wawili wakanigeukia. Nilisema, na nilisema kwa ukamilifu, kwa mara ya kwanza katika miaka sita: "Nilitunga mimi, mama. Theluji, mbwa, mwalimu. Kaka alikuwa ghalani muda wote."

Mama alinitazama, halafu akacheka, kwa upole kabisa, kama anavyowacheka watoto wa watu.

"Wewe? Wewe uliyekuwa ukivunja kikombe unakuja kujitaja kabla sijauliza? Wewe utunge mzee mwenye kovu?" Akatikisa kichwa. "Mnapendana, najua. Tangu utoto mmoja akianguka mwingine anajipaka vumbi. Lakini yule mgeni wa leo, mtu mzima, aliyekula na mwalimu mwaka jana, naye mmemtunga?"

"Nilimwomba, mama. Nilimwomba aseme vizuri."

"Ulimwomba aseme vizuri, au ulimwomba aseme anamfahamu mwalimu?"

Hapo ningedanganya. Mara moja maishani, uongo ungefaa, na mimi niliyeishi kwa kudanganya wageni niliutafuta sikuupata. "Nilimwomba aseme vizuri tu," nikajibu.

"Basi," mama alisema. "Hilo la mwalimu alilisema mwenyewe."

Kaka akasimama. "Nitamrudisha. Nitamleta hapa hapa leo, aseme tena."

"Ili nyinyi mumwombe tena aseme mnavyotaka?"

Kaka alibaki amesimama. Nilimwona akiitafuta njia. Alitazama mlango, akatazama kibao kule nje, akanitazama mimi, kisha akaitazama simu. Na hapo akapata wazo, Mungu amsamehe, nami lilinijia wakati huo huo nikaliona zuri.

"Ongea naye mwenyewe," alimwambia mama. "Msikie tu sauti. Ukimsikia utajua si mtu wa kubambikia watu."

Akapiga, akaweka sauti ya juu, akailaza simu katikati ya vitambaa. Iliita mara mbili.

"Baba watoto," sauti ya mwanamke ilisema. Nyuma yake mtoto alikuwa anaimba herufi.

"Si yeye," mama alisema. "Ni mama yake."

Wimbo wa herufi ulikatika, nadhani mtoto alifunikwa mdomo. Kisha mwanamke akasema, "Shikamoo, mama," na sauti yake ilikuwa imebadilika yote. Aliisubiri salamu hiyo miaka mitano, ilisikika.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mtoto hajambo?" Mama hakuwa na ukali wowote. Ungedhani anamwelekeza mtu njia ya sokoni. "Sina ugomvi na wewe. Wasichana hupatwa na mambo, na mimi nilikuwa msichana. Lakini mwaka uliposhika mimba hiyo, mwanangu alikuwa Japani, kwa mwalimu wake, na ushahidi ninao, wa mtu mzima aliyekaa hapa leo. Mtafute baba wa mtoto wako, atakuwa karibu na hapo. Usimning'inize mtoto kwa mtu asiye wake."

"Si kweli, usimsikilize," kaka alisema, akaidaka simu, lakini ilimteleza ikaanguka chini ya meza, na sauti ikatokea huko chini, ndogo.

"Japani?" mwanamke aliuliza.

Kaka hakuwahi kumwambia. Aliona aibu kumwambia hata yeye. Alikuwa amemwambia tu kwamba kwao ni wagumu, awe na subira. Sasa yuko magotini chini ya meza anasema, nitakueleza, nitakueleza, ni maneno ya zamani, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyosikia jinsi yanavyosikika kwa mtu asiyeyajua. Karatasi za kughushi. Suti. Wiki moja. Dada yangu mdogo alitunga mbwa.

Mwanamke alimwacha mpaka akaishiwa pumzi.

"Nilikuomba unipeleke kwenu nikajulikane," alisema. "Kumbe huko kwenu wewe mwenyewe hukuwahi kuwa na mimi hata siku moja." Halafu, kwa sauti ya heshima aliyomwamkia nayo mama, "Sawa, mama. Nimesikia." Akakata.

Kaka akapiga tena. Ilikuwa imezimwa. Mama aliinuka na mkongojo wake, akazunguka meza, akamshika kichwa alipokuwa amepiga magoti, akamfuta vumbi begani.

"Nimekutua mzigo," alimwambia. "Utanishukuru." Kisha akanigeukia mimi akauliza wageni wa jioni watakuwa wangapi, ili ajue atandike meza zipi.

Nilisema wanne, saa moja, wameomba meza ya dirishani. Kaka alisikia. Alinyanyuka, akaingia jikoni, akaiegemeza simu kwenye mkebe wa chumvi, kioo kikimtazama ili aione ikiita, akapima vikombe vinne vya mchele, akaanza kuuosha.